Pikipiki Iko Ikutha, Mwenyewe Yuko Doha

Mazungumzo kwa wakazi kuhusu karatasi za kuuza pikipiki mwenyewe akiwa nchi nyingine

Mazungumzo haya yanahusu pikipiki inayouzwa wakati mwenyewe hayuko nchini, na karatasi zinazopaswa kutembea kabla ya pikipiki yenyewe kutembea.

Mtu wa Ikutha hahitaji kuelezwa kazi ya pikipiki. Ndiyo inayobeba ndengu kutoka shambani, mgonjwa usiku, mbuzi siku ya soko na mwalimu siku ya shule. Tangu barabara ya Kibwezi hadi Kitui iwekwe lami, pikipiki hiyohiyo inaweza kuwa Mutomo asubuhi na kuvuka mto Athi kuingia Kaunti ya Makueni kabla ya chakula cha mchana. Wakati huohuo, vijana wa Kitui Kusini wanaendelea kupanda ndege kwenda kutafuta kazi Qatar, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, na baadhi yao huacha pikipiki uani kwa mama. Wapo pia wageni waliokuja kufanya kazi huku, wa misheni au wa mashirika, wakanunua pikipiki ya kuwafikisha vijijini, kisha mkataba ukaisha wakarudi kwao. Wote hawa wana shida moja: chuma kiko huku, sahihi iko kule.

Tuseme kijana wa Kasaala alinunua Boxer, akaifanyia kazi miaka miwili, halafu akapata kazi ya ulinzi Doha. Pikipiki akamwachia mdogo wake. Baada ya miezi minane anapiga simu: "Iuze tu, pesa iezeke nyumba ya mama." Mdogo mtu anapata mnunuzi sokoni Ikutha, wanaelewana shilingi 80,000. Pesa inaingia kwa M-Pesa, logbuku ya karatasi inatolewa kwenye bahasha, mikono inashikwa mbele ya mashahidi wawili, mnunuzi anapiga kiki na kuondoka. Kila mtu anaamini biashara imekwisha. Kati ya watu hao kweli imekwisha, lakini kwa serikali haijaanza.

Daftari la magari na pikipiki za Kenya linatunzwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Serikali ya kaunti haisajili pikipiki wala haibadilishi jina kwenye logbuku. Anayefika ofisi ya wadi au ya chifu kwa shughuli hiyo ataelekezwa tu mbele.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Kifungu cha 8 kinasema kwamba mtu ambaye jina lake limeandikwa kama mwenye gari huhesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 9 kinaongeza kwamba gari lililouzwa halipaswi kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya mauzo kama mwenye mpya hajaandikishwa, na kwamba mwenye wa zamani ana siku 7 za kumjulisha msajili nani amelichukua. Neno "gari" katika sheria hiyo linaingiza pikipiki. Hakuna mlango wa pembeni wa bodaboda.

Sasa maneno hayo machache, "mpaka ithibitishwe vinginevyo", ndiyo yenye uzito wote. Mwezi mmoja baada ya mauzo, ile Boxer inamgonga mtoto njiani. Mwendeshaji anakimbia, au yupo lakini hana mali ya kulipa. Familia ya mtoto inatafuta wakili. Wakili anaandika namba ya pikipiki, anaomba rekodi NTSA, na jina linalotoka ni la kijana aliye Doha. Anayeshtakiwa ni yeye. Hati ya mahakama inapelekwa alikozaliwa, na mama yake ndiye anayeulizwa na wageni waliosimama uani kwake mtoto yuko wapi. Hakutenda kosa lolote, ila jina lake halikutoka kwenye daftari.

Je, anaweza kujitetea? Anaweza. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kesi kati ya Securicor Kenya na Kyumba Holdings, na ikasema kwamba logbuku ni ushahidi wa umiliki lakini haifungi mlango kwa ushahidi mwingine: anayeonyesha kwamba alikwisha kuuza gari kabla ya ajali anaweza kuaminiwa. Uamuzi huo umewaokoa wauzaji wengi. Hata hivyo ni lazima mtu aje mahakamani na karatasi: mkataba wa mauzo wenye tarehe, uthibitisho wa malipo, namba za vitambulisho. Kampuni yenye makabati ya faili huweza kufanya hivyo. Kijana aliye Doha, ambaye mdogo wake aliuza kwa kushikana mikono na ujumbe wa M-Pesa umeshafutika kwenye simu, ataleta nini? Na nauli ya kuja kutoa ushahidi ni ya nani?

Upande wa polisi ni hivyohivyo. Pikipiki ikitumika katika wizi au kusafirisha bidhaa haramu, uchunguzi huanzia kwenye namba, na namba huongoza kwenye jina. Sheria inamtaka mwenye gari aseme nani alikuwa akiliendesha siku fulani. Kumwambia afisa kwa simu ya kimataifa "nililiuza, lakini sikumbuki jina la aliyelinunua" si jibu linalomaliza maswali.

Mnunuzi naye asidhani yuko salama kwa kuwa pikipiki imelala kwake. Asiye na jina kwenye rekodi amenunua ruhusa ya kuiendesha mpaka siku atakapoulizwa. Hawezi kuiweka dhamana ya mkopo wa sacco. Bima ya muuzaji haimfuati. Sura ya 405 inataka kila chombo barabarani kiwe na bima ya hasara ya watu wengine, na mwenye bima asiye mwenye chombo atakuwa na kazi ya kujieleza siku ya madai. Pikipiki ikiibiwa, akienda kuripoti, jina la mwenyewe ni la mtu mwingine. Akitaka kuiuza, hana cha kuuza kihalali. Hapo ndipo mnyororo unapoanza: aliye Doha alimuuzia wa kwanza, wa kwanza akamuuzia wa pili kule Kibwezi, wa pili akamuuzia wa tatu, na sasa wa tatu anazunguka Ikutha akiuliza nyumba ya kijana aliyeondoka miaka mitano iliyopita. Kwenye mfumo, anayeweza kuanzisha uhamisho ni yule tu ambaye jina lake limeandikwa. Wale wa katikati hawamsaidii.

Ipo desturi ya zamani ambayo wengine bado wanaiamini. Enzi za fomu za karatasi, muuzaji alitia sahihi fomu ya uhamisho bila tarehe wala jina la mnunuzi, akaikunja ndani ya logbuku, na yeyote aliyekuja baadaye akajaza mwenyewe. Watu waliita hiyo "transfa wazi". Ilikuwa mbovu hata wakati huo. Sasa haiwezekani kabisa, kwa sababu uhamisho unafanyika mtandaoni: muuzaji anaingia kwa akaunti yake ya eCitizen, anafungua huduma za NTSA, anaanzisha uhamisho wa pikipiki yake na kuandika utambulisho wa mnunuzi, mnunuzi naye anaingia kwa akaunti yake mwenyewe na kukubali. Karatasi zinazohitajika hupakiwa humohumo: vitambulisho, PIN ya KRA ya kila upande, logbuku, mkataba wa mauzo. Malipo pia hufanyika humo. Pande zote mbili lazima zionekane. Fomu iliyotiwa sahihi uwanja wa ndege haimfikishi mtu popote.

Na hapo pana habari njema ambayo huwapita wengi. Kwa kuwa uhamisho ni wa mtandaoni, Mkenya aliye Doha, Riyadh au London anaweza kuanzisha uhamisho akiwa hukohuko, kwa simu yake, wakati wa mapumziko kazini. Si lazima arudi, na mara nyingi si lazima amteue mtu. Anachohitaji ni akaunti ya eCitizen iliyo hai, nywila anayoikumbuka, PIN ya KRA, na namba ya simu au barua pepe iliyo kwenye akaunti iwe bado mkononi mwake, kwa sababu ndiko misimbo ya uthibitisho inakotumwa. Mambo hukwama hapa kwenye namba ya simu. Laini ya Kenya isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake hupewa mtu mwingine. Kijana anafika Qatar, anaweka laini ya huko, ya nyumbani anaisahau droo. Siku ya kuuza pikipiki, msimbo unaelekea kwa mtu asiyemjua.

Kwa hiyo anayejiandaa kusafiri, pamoja na cheti cha daktari na mkataba wa kazi, ana shughuli nyingine ya nusu siku. Aingie eCitizen aone kama pikipiki inaonekana kwenye akaunti yake kwa jina lililo sawa na la kitambulisho. Abadilishe namba ya simu au barua pepe iwe ile atakayokuwa nayo. Apige picha logbuku mbele na nyuma, aache ya karatasi kwa mtu mmoja anayejulikana, si chini ya godoro. Kama anajua kabisa hatarudi kuitumia, aiuze kabla ya kuondoka. Wiki mbili kabla ya ndege ni nafuu kuliko miaka miwili baada yake.

Kuna jambo moja linalopaswa kusemwa bila kupakwa asali. Wengi hutatua shida hii kwa kumpa ndugu, au kijana wa saiba, nywila ya eCitizen. "Kaka, nywila ni hii, maliza." Akaunti hiyo si ya pikipiki peke yake. Ndani yake mna pasipoti, cheti cha tabia njema, huduma za ardhi, hata usajili wa biashara. Anayempa mtu nywila amempa funguo za nyumba nzima ili achukue kijiko. Na mwenye saiba hata awe mwaminifu, kompyuta yake hutumiwa na watu hamsini kwa siku.

Kama aliye ng'ambo hawezi kabisa kuingia mtandaoni, au kuna hatua inayotaka mtu afike ofisini, njia halali ni hati ya uwakilishi. Mawakili huiita mamlaka ya uwakili: karatasi inayompa mtu mwingine uwezo wa kutenda na kutia sahihi kwa niaba ya mwenyewe. Kwa aliye nje, hati hiyo hutiwa sahihi mbele ya afisa wa ubalozi wa Kenya au mbele ya mthibitishaji rasmi wa nchi aliko, kisha ubalozi ukaithibitisha. Kenya ina ubalozi Doha, Riyadh, Abu Dhabi na Muscat, na anayekwenda ubalozini ajue kwanza siku za huduma hiyo, kwa sababu si kila siku.

Hati nzuri ni nyembamba. Inataja namba ya pikipiki, namba ya chesisi na ya injini. Inamtaja anayepewa mamlaka kwa jina lote na namba ya kitambulisho. Inasema anaweza kuuza pikipiki hiyo, kupokea bei na kukamilisha uhamisho, basi. Inaweza hata kuweka bei ya chini kabisa. Hati pana, inayosema "mali zangu zote", ni hatari ambayo wazee wanaijua: aliyeandika akifikiria pikipiki hukuta shamba limeuzwa. Hati ikifika Kenya ipelekwe kwa wakili mapema. Hati iliyotiwa sahihi nje ya nchi hupaswa kulipiwa ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kuingia nchini, na ikichelewa kuna faini. Wakili atasema kama inahitaji kuandikishwa pia.

Kuhusu wageni wanaoishi au waliowahi kuishi huku, mambo yanafanana kwa mbali tu. Raia wa nchi nyingine anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 hutakiwa kujiandikisha na kupata kitambulisho cha mgeni, na hicho ndicho anachotumia kufungua akaunti ya eCitizen na kupata PIN ya KRA. Akiwa navyo, anauza pikipiki kama mtu mwingine yeyote. Ugumu huja akisha kuondoka: kitambulisho kimeisha muda, laini imefungwa, na mnunuzi wa Ikutha amebaki na anwani ya barua pepe isiyojibiwa. Mnunuzi wa busara hamsindikizi mgeni kwa kuku na zawadi kabla jina halijahama.

Pana maswali mawili ya kuuliza kabla ya pesa kutoka mfukoni. La kwanza: pikipiki ni ya mgeni huyo, au ni ya misheni au shirika alilofanyia kazi? Mara nyingi logbuku ina jina la shirika. Hapo mgeni hana uwezo wa kuuza hata kama aliiendesha miaka kumi na kila mtoto kijijini anaijua kuwa ni yake. Anayeuza ni shirika, kwa azimio la maandishi la viongozi wake, na uhamisho hufanywa na akaunti ya shirika. La pili: iliingiaje nchini? Vyombo vya mashirika na vya wanabalozi huweza kuingizwa bila kulipiwa ushuru. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo cha namna hiyo kikiuzwa kwa mtu asiye na msamaha huo, ushuru unadaiwa. Bei iliyoonekana ya rehema inaweza kumeza gharama hiyo na kubaki na deni.

Vivyo hivyo pikipiki yenye namba ya nchi nyingine. Mara mojamoja hupita msafiri wa mbali na pikipiki kubwa ya safari, imeharibika, anataka kuiacha kwa bei ya kutupa. Pikipiki hiyo imeingia kwa kibali cha muda cha forodha, na inapaswa kutoka. Haiwezi kuuzwa Kenya mpaka ilipiwe ushuru na kusajiliwa, na KRA ina haki ya kuikamata kwa yeyote atakayekutwa nayo. Hata iliyonunuliwa Tanzania na mtu wa jirani ni hivyo: daftari la huko liko kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na jina kubadilishwa huko hakuifanyi iwe ya Kenya.

Na kwa watoto wa Ikutha wanaonunua pikipiki wakiwa ugenini, mambo yanageuka kama kioo. Huko wao ndio wageni. Qatar, kwa mfano, umiliki huandikwa na idara ya trafiki ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kadi yake huitwa istimara. Anayeondoka bila kuihamisha, kwa kuwa mkataba wa kazi umekatwa ghafla, huacha jina lake kwa nchi ambayo pengine atataka kurudi, na faini za barabarani zikiongezeka kwa jina hilo. Ushauri ni uleule wa nyumbani: ahamishe jina kabla ya kukabidhi funguo, na asiuze kwa rafiki wa chumbani kwa neno la mdomo.

Turudi kwa mnunuzi wa hapa, kwa sababu yeye ndiye anayeshika pesa taslimu na ndiye mwenye nguvu mpaka azitoe. Aombe NTSA rekodi ya pikipiki kwa namba yake. Ombi hilo hufanywa mtandaoni kwa ada. Rekodi itamwonyesha jina la mwenyewe, na kama kuna taasisi nyingine iliyoandikwa pamoja naye. Hilo la mwisho ni muhimu sana kwa pikipiki za bodaboda, kwa kuwa nyingi hununuliwa kwa mkopo na mkopeshaji huandikwa kwenye logbuku mpaka deni liishe. Aliye Doha anaweza kuwa amelipa mpaka mwezi wa mwisho kasoro miwili, akasahau. Mkopeshaji asipotoa kibali, jina halihami. Tangu sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali zinazohamishika, pia kuna daftari la kitaifa la mali zilizowekwa dhamana, ambalo mtu anaweza kulipekua kabla ya kununua.

Akishaona rekodi, apige magoti kando ya pikipiki. Namba ya chesisi na ya injini zilizogongwa kwenye chuma zilingane na zilizo kwenye logbuku, herufi kwa herufi. Zikionekana zimesuguliwa, aondoke, hata kama muuzaji ni binamu.

Mkataba wa mauzo uandikwe hata kwa mkono, lakini uwe na majina yote, namba za vitambulisho, namba ya pikipiki, chesisi na injini, bei, tarehe na saa ya kukabidhi. Saa si mapambo: ajali ya jioni ya siku hiyohiyo ni ya nani? Kama anayeuza ni ndugu kwa niaba ya aliye nje, mkataba useme hivyo na hati ya uwakilishi iambatishwe. Pesa ilipwe kwa njia inayoacha alama, na ikiwezekana kwa mafungu: sehemu wakati wa mkataba, sehemu jina likishahama. Muuzaji mwaminifu hatachukia; naye analindwa, kwa kuwa mnunuzi mwenye deni hukimbilia kukubali uhamisho kwenye akaunti yake. Ikiwa hawaaminiani kabisa, fungu la mwisho liwekwe kwa wakili.

Logbuku ikipotea, mwenye jina huripoti polisi, apewe hati ya upotevu ile inayoitwa abstrakti, kisha aombe nakala nyingine NTSA. Mnunuzi hawezi kuiomba kwa niaba yake.

Limebaki jambo zito zaidi, na familia hulikwepa mpaka linapofika. Wakati mwingine aliye ng'ambo hufia huko. Hati ya uwakilishi hufa pamoja na aliyeitoa. Kuanzia siku hiyo ndugu aliyeshika karatasi hana mamlaka yoyote, hata kama wino bado ni mbichi. Nywila aliyoiacha pia haimpi mtu haki ya kuitumia. Pikipiki imekuwa sehemu ya mali ya marehemu chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, na anayeweza kuihamisha ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Safari hiyo huanza kwa barua ya chifu inayotaja warithi, na kwa mali ndogo mahakama ya hakimu inatosha. Mjane asikubali kuambiwa na mashemeji kwamba pikipiki "ilishauzwa kabla". Aombe mkataba, atazame tarehe, aombe rekodi NTSA. Ikiwa jina la mumewe bado lipo na hakuna karatasi, swali la nani aliuza lini ni la mahakama, si la kikao cha ukoo.

Anayehitaji kuhudumiwa ana kwa ana aende Huduma Centre ya Kitui, au ya Wote kwa wakazi wa upande wa Makueni. Abebe kitambulisho halisi, si picha ya kwenye simu, pamoja na PIN ya KRA, logbuku, mkataba wa mauzo, hati ya uwakilishi kama ipo, na simu yenye chaji na laini ileile iliyo kwenye akaunti yake ya eCitizen. Aliye ng'ambo ajulishwe siku na saa mapema, ili msimbo ukitumwa awe macho. Tofauti ya saa kati ya Ikutha na London huwa mbili au tatu kulingana na majira, na Doha iko sawa na hapa.